Sarakasi za Kichina: mazoezi, mifupa, waya, au kuna kitu hatuambiwi?

#1 Baba Wawili

Wakuu, heshima zenu.

Niko Shanghai kufuatilia mzigo, safari hii nimekuja na mama watoto na wanangu wawili. Juzi usiku tumewapeleka kuona sarakasi pale Shanghai Circus World, ule ukumbi wenye kuba la dhahabu. Mpaka naandika hapa nyumba yote ni ubishi.

Kuna binti mmoja, simdhanii kuvuka miaka kumi na mitano. Kila mkono kashika vijiti vinne, kila kijiti kina sahani inazunguka juu yake. Akaanza kuinama kinyumenyume taratibu, kichwa kikashuka mpaka karibu na zulia, akaokota ua kwa meno, akainuka nalo. Sahani zote nane bado zinazunguka. Moja upande wa kushoto ikaanza kulegea, ukingo unapigapiga, nikasema hiyo inaanguka. Hakuitazama hata. Kiganja kikatikisika kidogo tu, ikakaa sawa.

Halafu kaja kijana wa viti. Chini kaweka chupa nne, juu ya chupa kiti, juu ya kiti kiti kingine, anapanda anaongeza. Kule juu kabisa kakiegemeza kiti cha mwisho upande, kasimama kwa mkono mmoja, miguu hewani. Mwisho wakaingiza pikipiki ndani ya tufe la chuma, moja baada ya nyingine, zinapishana kichwa chini. Mtoto mdogo alijificha kwenye kanga ya mama yake.

Sasa mke wangu anasema kuna waya hatuuoni. Mtoto mkubwa anasema Wachina hawana mifupa ya mgongo. Mimi msimamo wangu: hakuna mazoezi ya kumfikisha binadamu pale. Kuna kitu wanafanya hawatuambii.

Wajuzi karibuni.

#2 Kisiki Kikavu

Natandika mkeka hapa. Kahawa iko jikoni.

#3 Tandale Kwetu

Mkuu jibu ni moja, kiinimacho. Babu yangu alikuwa na mtu anaweza kukuambia sanduku limejaa nyoka na ukaona nyoka. Sahani nane mikononi na mtu kainama mpaka chini? Hapo mmechezewa akili ukumbi mzima. Ndiyo maana wanazima taa.

#4 Mwalimu wa Fizikia

#3 usitupeleke huko bwana.

Sahani inayozunguka kwa kasi hukataa kugeuzwa mhimili wake. Ni jambo lile lile la pia tuliyokuwa tunachapa utotoni: ikiwa na kasi inasimama, kasi ikipungua inayumba, inalala. Yule binti haibebi sahani kwa maana ya kuisawazisha kama trei ya soda. Kazi yake ni kuilisha kasi tu. Vile vijiti ni vyembamba na vinanesa, kiganja kikichora duara dogo ncha ya juu inachora duara kubwa zaidi, na msuguano unaisukuma sahani. Alichofanya kwa ile iliyolegea ni kuiongezea kasi. Hakuhitaji kuitazama kwa sababu mtikisiko anausikia mkononi kupitia kijiti.

Kwa hiyo sahani ni fizikia ya kidato cha pili. Kigumu ni huo mgongo.

#5 Fundi Baiskeli

Mwalimu umeongea lakini umeacha kitu. Sahani zenyewe zimetengenezwa. Angalia chini utaona kishimo katikati, ncha ya kijiti inaingia mle. Chukua sahani ya kawaida ya wali ujaribu, tutakuja kukuchangia sahani.

#6 Mwalimu wa Fizikia

Za plastiki za kujifunzia ndiyo zina kishimo. Za kaure zina ule mduara ulioinuka chini, kijiti kinaanza kwa kutembea ndani ya mduara huo mpaka sahani ishike kasi, ndipo kinahamia katikati. Kuwa na kishimo hakuondoi kazi ya mkono. Tena mikono miwili, vijiti vinane.

#7 Guangzhou Tena

Salaam wakuu. Nina miaka mingi huku, niweke mawili matatu.

Mleta mada, zile pikipiki kwenye tufe si mila ya Kichina. Huo ni mchezo wa sarakasi za Ulaya na Marekani, Wachina wameuchukua kwa sababu watalii wanaupenda. Ya kwao hasa ni sahani, viti, mitungi ya kichwani, kuzungusha vitu kwa miguu, kupita kwenye pete, kupanda nguzo, ile pia ya kamba inayorushwa hewani na kudakwa, na simba wa kitambaa wenye watu wawili ndani. Hata hilo onyesho mliloona, toleo lake la kwanza lilianza 2005, limetengenezwa na taa na muziki kwa ajili ya wageni.

Ukitaka shina lake nenda Wuqiao. Ni wilaya ya mkoa wa Hebei, mpakani na Shandong, kandokando ya Mfereji Mkuu. Wenyewe wana msemo kuwa kuanzia mzee wa miaka tisini na tisa mpaka mtoto aliyeanza kutembea, kila mtu ana mchezo wake. Mwaka 1958 lilichimbuliwa kaburi huko la karne ya 6, ukutani mmechorwa watu wamesimama kwa mikono. Yaani walikuwa wanayafanya haya kabla ya wengi wetu kuwa na historia ya kuandikwa.

Na kwa nini Wuqiao? Wazee wa huko watakuambia njaa. Ardhi ina chumvi, mwaka huu mafuriko, mwaka ujao ukame. Shamba halilishi, basi mtu anachukua vitu vya nyumbani, mtungi, bakuli, benchi, ngazi, anavifanyia mazoezi, baada ya mavuno anapanda mashua kwenye mfereji na familia yake, anapiga gongo mji hadi mji. Mtoto anazaliwa njiani, anakua anaona baba na mama wanafanya hivyo. Kwangu mimi siri ni hiyo: umaskini pamoja na mfereji.

#8 Tandale Kwetu

Kama umaskini unafundisha sarakasi basi sisi tungekuwa tunatembea hewani.

#9 Kisiki Kikavu

🤣🤣 #8 umeua.

#10 Mchungu wa Ndimu

Sisi sarakasi tunazo, ila zinafanyikia bungeni.

#11 Shangazi Mkali

Mnacheka tu. Hakuna aliyeuliza yule binti wa sahani alianza na umri gani. Mimi siwezi kuwapeleka wanangu wakapige makofi mtoto wa mwenzangu akivunjwa mgongo. Wanaanzishwa na miaka sita, saba. Wanatolewa kwa wazazi, wanalala bweni, asubuhi na mapema wananyooshwa miguu huku wanalia. Hiyo mnaiita burudani ya familia? Familia ya nani?

#12 Mstaafu Morogoro

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mnaongea habari za Wachina kana kwamba ziko mbali. Sarakasi hizo zilikuja hapa kwetu kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Mwaka 1965, Februari, Mwalimu Nyerere alikwenda China. Juni Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Mwaka huo huo vijana wetu 20 walipelekwa kule kusomea sarakasi. Wakakaa miaka minne. Waliporudi 1969 ndipo likaundwa kundi la taifa la sarakasi. Nimewaona kwa macho yangu, uwanjani, hakuna taa wala pazia, mchana jua linawaka. Wakapanga viti, wakapandana mabegani, wakazungusha sahani. Hakukuwa na Mchina hata mmoja pale. Watoto wa Kitanzania watupu.

Kwa hiyo huyo anayesema mifupa ya Wachina, aniambie wale vijana wetu walibadilishiwa mifupa uwanja wa ndege?

#13 Dogo wa Mabibo

Mzee shikamoo, ila hiyo naona chai. Serikali ipeleke watu ng'ambo miaka minne kusomea kuruka samasoti? Si wangesomea udaktari?

#14 Kobe wa Changuu

#13 mdogo wangu, si chai. Kasome habari za utamaduni enzi za Ujamaa utalikuta jambo hilo. Kulikuwa na makundi ya taifa ya ngoma, ya maigizo, na hilo la sarakasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 makundi yale yalikwishavunjwa, nafasi yake ikashikwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ndio TaSUBa ya leo, na sarakasi ikawa miongoni mwa masomo.

Na mie naona hapo ndipo jibu lilipo. Wachina hawana siri ya mwilini, wana serikali iliyoshika jambo. Baada ya Wakomunisti kushika nchi 1949 waliwakusanya wale wapiga gongo wa barabarani, waliodharauliwa na watu, wakawapa mshahara, ukumbi na cheo cha msanii. Mwaka 1950 likaundwa kundi la taifa Beijing, Zhou Enlai mwenyewe akiwa nyuma yake. Wakaondoa michezo ya kutisha watu na ya kudhalilisha, ikabaki ile ambayo baba anaweza kukaa na mtoto wake akatazama. Hiyo burudani ya familia mnayoiona leo ilipangwa mezani.

#15 Mstaafu Morogoro

Ahsante sana Kobe. Marahaba #13, na udaktari walisomea pia.

#16 Makupa Boy

Hamjambo nyote. Mimi ni mwanasarakasi, Mombasa, sasa nimestaafu kwa sababu ya goti. Niseme ninachokijua, si nilichosoma.

Sisi tulianza ufukweni. Unajifunzia kwenye mchanga kwa sababu ukianguka hauvunjiki. Kaka anamfundisha mdogo wake, mjomba anamfundisha mpwa. Usiku tunafanya onyesho hotelini kwa watalii: piramidi ya watu, kuruka kwenye pete, kupita chini ya kijiti cha moto, viti. Kuna hoteli ilitukalia malipo ya msimu mzima, sitaitaja, wenyewe wanajijua.

Baadaye nikapata nafasi ya mafunzo Wuqiao. Wanachukua Waafrika wengi pale, Wakenya, Watanzania, Wahabeshi. Mimi nilikwenda nikijiona fundi. Wiki ya kwanza mwalimu hakunipa kitu chochote cha kushika. Ukutani tu, simama kwa mikono. Unasimama mpaka damu inajaa machoni, jasho linadondoka kwenye kope badala ya kidevu, mabega yanatetemeka, yeye anapita na kikombe chake cha chai anakugusa kidole cha mguu kwa kijiti: nyoosha. Ukianguka unaanza upya.

Wana misingi minne: kusimama kwa mikono, kuruka na kubiringika, kiuno, na miguu. Mpaka hiyo iingie hakuna sahani, hakuna kiti. Sisi nyumbani tunaanza na mchezo wenyewe kwa sababu tunataka pesa ya wikendi hii. Tofauti ni hapo. Mimi naruka juu kuliko wengi wao wallahi, na kwa piramidi za watu Mkenya hashindwi. Lakini msingi wa mikono wao wametushinda.

Na #1, viti vile vina ufundi. Ni vizito, vimetengenezwa kwa oda, miguu ya kiti cha juu inakaa barabara kwenye cha chini. Si kiti cha hotelini. Nilivyoanza sikujua, nilipanga viti vya plastiki vya baa.

#17 Tandale Kwetu

Na ulishuka navyo?

#18 Makupa Boy

Nimekwambia nimestaafu kwa sababu ya goti.

#19 Daktari wa Mtaa

Niingie kwenye mifupa maana naona mnaichezea. Hakuna kabila lisilo na mfupa wa mgongo. Ila kuna watu viungo vyao vinalegea kuliko wengine, wamezaliwa hivyo, na wapo kila taifa. Darasani kwenu alikuwepo yule anayekunja kidole gumba mpaka kiguse mkono. Na watoto wote wana ulaini ambao hupungua kadiri wanavyokua, ndiyo sababu wanaanzishwa mapema.

Pili, kumbukeni mnachokiona jukwaani ni wale waliobaki. Ukiwapanga watoto wengi ukawachuja mwaka hadi mwaka, atakayefika mbele ya taa ni yule aliyekuwa na kiuno laini, moyo mgumu na bahati ya kutoumia. Mzee wetu #12, hata wale vijana 20 naamini hawakuokotwa tu barabarani, lazima waliangaliwa.

Kwa hiyo mtoto wa mleta mada hajakosea sana. Mwili upo ndani ya hesabu.

#20 Mstaafu Morogoro

Daktari, ukichuja kila kitu unaweza kukieleza kila kitu. Makupa Boy kakuambia ukuta.

#21 Baba Wawili

Wakuu mnanipeleka mbio. Nimemsomea mke wangu #16, anasema huyo wa Mombasa anawatetea wenzake wa kazi, swali la waya halijajibiwa.

#22 Guangzhou Tena

Shemeji apewe jibu lake. Waya upo na haufichwi. Kwenye kumbi kubwa za kudumu, michezo ya juu sana wengi hufungwa mkanda kiunoni na kamba ya usalama, ukikaa upande unaiona dhahiri. Lakini kamba ile imelegea, haimbebi mtu. Inamsubiri akianguka. Binti wa sahani hana kamba yoyote, ya nini, yuko chini.

#23 Fundi Baiskeli

Hapo ndipo mimi nakataa kabisa. Kamba ikiwepo hata imelegea, akili imetulia. Mtu anayejua hafi si sawa na mtu anayejua anakufa. Wale wa zamani wa barabarani hawakuwa na kamba, sarakasi ilikuwa hiyo. Ya sasa ni maonyesho.

#24 Shangazi Mkali

#23 nenda kamwambie hivyo yule mume wa mkoa wa Anhui, huko huko China. Aprili 2023, onyesho la kijijini, mtu na mkewe wanafanya mchezo wa angani pamoja, mke akaponyoka kutoka juu akafa palepale. Hakukuwa na wavu chini. Wana watoto. Video ilizunguka dunia nzima na watu wanajadili kama walikuwa wamegombana kabla ya kupanda. Hizo ndizo sarakasi zako za kweli zisizo na kamba.

#25 Kisiki Kikavu

Hapa pamekuwa pazito.

#26 Guangzhou Tena

Shangazi hilo lilitokea, na liliamsha mjadala mkubwa huku kuhusu makundi madogo yanayozunguka vijijini kwenye sherehe bila vifaa. Kumbi za mjini ni kitu kingine na vijijini kitu kingine.

Kuhusu watoto: sheria ya kazi ya China ya 1994 inakataza kuajiri aliye chini ya miaka 16, lakini sanaa na michezo wameiachia mlango, kwa kibali na kwa sharti mtoto asikatizwe masomo. Kwa hiyo shule za sarakasi zina hesabu na lugha nusu siku, mazoezi nusu siku. Utekelezaji mahali hadi mahali sitakuapia. Ila jambo ambalo halisemwi ni kwamba watoto wenyewe wanapungua. Mzazi wa Kichina wa leo mwenye mtoto mmoja anataka mtoto wa chuo kikuu, si mtoto wa kusimama kwa mikono. Shule nyingi zinahangaika kupata wanafunzi, wanaokuja wengi ni wa familia za vijijini.

#27 Shangazi Mkali

Umeona? Wenyewe wenye mali hawataki watoto wao wafanye. Mimi nimemaliza.

#28 Makupa Boy

Shangazi kwa heshima. Mimi nilianza na miaka minane, hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa natoroka madrasani kwenda ufukweni na marehemu mama alinichapa kwa sababu ya sarakasi. Sarakasi ilinilipia karo ya wadogo zangu. Maumivu yapo. Hata mpira una maumivu na mnawapeleka watoto.

#29 Shangazi Mkali

Nilisema nimemaliza lakini: mpirani hakuna anayemkalia mtoto mgongoni mpaka kichwa kiguse kisigino.

#30 Binti Lamu

Assalam alaykum. Mimi napenda historia zaidi kuliko ugomvi.

#7 kasema karne ya 6, lakini ni kongwe zaidi ya hapo. Enzi ya Han, miaka elfu mbili nyuma, kulikuwa na kitu walichokiita michezo mia. Mfalme Wu alikuwa akiwakaribisha wageni kutoka nchi za magharibi kwa maonyesho makubwa, na wageni nao walileta wafanya viinimacho wao. (Tandale Kwetu usifurahi sana.) Kule Yinan, Shandong, kuna kaburi la mawe lililochongwa watu wanarusha visu na kudaka, wengine wako juu ya kamba, mmoja kabeba nguzo yenye watu. Na malenga Zhang Heng wa karne ya 2 aliusimulia mji mkuu wa magharibi na michezo yake.

Lililonipendeza mimi ni hili la pete. Zile pete wanazochupia leo, zamani ulikuwa mkeka. Walikuwa wanauviringisha mkeka, ndani yake wanachomeka mikuki, ncha zinatazama katikati, halafu mtu anajirusha anapita upande wa pili. Sasa fikirieni mkeka wetu wa ukindu ule upana wake, ukishauviringisha tundu linabaki kiasi gani, na humo mna mikuki. Bila kamba, #23.

#31 Fundi Baiskeli

Binti Lamu, hao ndio watu wangu.

#32 Mchungu wa Ndimu

Hapa nimeelewa. Han waliifanya kuwatisha wageni, 1950 wakaifanya kuwapendeza wageni, 1965 wakatufundisha sisi wageni. Jamani hii kitu tangu lini ni ya familia? Ni ya mambo ya nje.

#33 Kobe wa Changuu

#32 umesema kwa mzaha lakini kuna ukweli. Hata Sudan walipeleka watoto wao Wuhan mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakarudi na kundi lao. Ilikuwa ni urafiki wa bei nafuu: huhitaji mkalimani kuelewa mtu anayesimama juu ya chupa.

#34 Guangzhou Tena

Sawa, lakini msifute familia. Kabla ya serikali kuna nini? Kuna baba, mama na watoto na gongo. Na watazamaji nao ni familia, siku za gulio na Mwaka Mpya. Serikali ilikuta jambo liko tayari. Nchi ngapi zimeanzisha makundi ya taifa yakafa? Kwetu lilikufa kwa sababu halikuwa na kijiji nyuma yake.

#35 Mstaafu Morogoro

Halikufa kwa sababu hiyo. Lilikufa kwa sababu ya fedha, miaka ile mbaya. Sabuni yenyewe ilikuwa kwa foleni, nani atanunua viti vya oda?

#36 Kobe wa Changuu

Na pia mzee hakikuwapo kizazi cha kurithi. Wale 20 wakizeeka nani anafuata? Makupa kasema kwao mjomba anafundisha mpwa, ndiyo maana Mombasa bado wako. Nairobi nako kuna Sarakasi Trust tangu 2001, wamelichukua jengo la sinema ya zamani pale Ngara wanafundisha vijana.

#37 Makupa Boy

Naam. Vijana wengi wa Kenya wamepita njia hizo mpaka Ulaya na China. Wengine wako mbuga za burudani huko China wanafanya onyesho, Mchina ndiye anakata tiketi kumtazama Mkenya. Mambo yamegeuka.

#38 Fundi Baiskeli

Nirudi kwenye fani yangu kabla hamjafunga. Kuna mchezo wa baiskeli, wasichana zaidi ya kumi juu ya baiskeli moja wanafunguka kama upepeo. Mwalimu wa Fizikia utasema kasi tena. Mimi nimeitazama video nikasimamisha picha. Ile baiskeli haina friwili. Ukikanyaga mbele inakwenda mbele, ukirudisha pedali inarudi nyuma. Fremu imeimarishwa, usukani umeinuliwa. Na hawaendi moja kwa moja, wanazunguka duara muda wote. Baiskeli ikitaka kuanguka kushoto unaiongoza kushoto, magurudumu yanarudi chini ya uzito. Mwenye kazi ni mmoja tu, anayeendesha. Wengine wote kazi yao ni kutohama ghafla.

#39 Mwalimu wa Fizikia

Sahihi kabisa, sina la kuongeza. Isipokuwa hao wengine kupanda wakati inatembea, kila anayepanda anahamisha uzito, na dereva lazima ajue nani anapanda upande gani kabla hajagusa. Hapo fizikia inaishia, kunabaki mazoea.

#40 Tandale Kwetu

"Hapo fizikia inaishia." Mwalimu kasema mwenyewe. Naomba niishie hapo.

#41 Binti Lamu

Kuna wale mtu na mkewe wa Guangdong, Wu Zhengdan na Wei Baohua. Mke anacheza bale amesimama kwa ncha ya kidole cha mguu juu ya bega la mume, mpaka juu ya kichwa chake. Walichukua tuzo ya juu kwenye tamasha la sarakasi la Monte Carlo 2002. Kwa wanaotafuta burudani ya kutazama na watoto bila mtu kufunga macho, anzeni na hiyo. Hakuna kisu, hakuna moto.

#42 Kisiki Kikavu

Nimemwonyesha wife. Kaniuliza mimi bega langu linabeba nini.

#43 Daktari wa Mtaa

#42 ulimjibu?

#44 Kisiki Kikavu

Nilizima simu.

#45 Mama Kijacho

Samahanini wakuu, mimi nimechelewa uzi. Tunasafiri Beijing likizo na mtoto wa miaka minne. Kuna ukumbi wa Chaoyang nimeona unatajwa sana. Anafaa kuingia? Na tukae wapi?

#46 Guangzhou Tena

Anafaa. Onyesho ni kama saa moja, maneno hakuna, kwa hiyo mtoto hachoki kutafsiriwa. Muziki una kelele, mwandalie. Usikae mstari wa mbele kabisa, shingo itakuuma kwenye michezo ya juu, tafuta katikati. Kama anaogopa pikipiki, kaa karibu na njia utoke naye kabla ya mwisho. Tiketi usinunue kwa dereva wa teksi anayekwambia anajua mtu.

#47 Baba Wawili

Naongezea: ficheni sahani mkirudi hotelini. Jana asubuhi mdogo kachukua ya kifungua kinywa na kijiti cha kulia tambi. Mhudumu alikuja na ufagio bila kuitwa.

#48 Fundi Baiskeli

Ilikuwa na kishimo au haina?

#49 Baba Wawili

Ilikuwa na yai.

#50 Mwalimu wa Fizikia

Yai linahamisha kitovu cha uzito. Mwambie ajaribu tupu, na aanze kwa kuchora duara ukingoni, si katikati.

#51 Shangazi Mkali

Mwalimu, mwache mtoto ale.